Karo Umelipa, Mbona Bado Wanataka Kuona Meseji?

Umelipa karo kwa Paybill asubuhi na mapema. Meseji imeingia, salio limepungua. Unafika shuleni na mtoto, karani anakuambia, "Mzazi, leta simu nione." Ananakili namba ya muamala kwenye daftari, jioni ailinganishe na taarifa ya akaunti. Kama ulikosea tarakimu moja ya namba ya mtoto, basi hapo ni kungoja tu.

Wateja hutupigia wakiwa wameshaamua kosa ni letu. Wakati mwingine ni letu kweli. Lakini mara nyingi pesa ilifika, habari ndizo zilibaki njiani.

Sisi tunaona hivi: shule au duka likichukua Paybill bila kugusa jinsi kazi inavyofanyika ofisini, limefungua dirisha jipya tu. Nyuma yake daftari ni lile lile.

Watu wa IT wana dawa yake. Badala ya programu moja kubwa ya kila kitu, kila hatua ya kazi inakuwa huduma ndogo inayoweza kuulizwa na programu nyingine: Akaunti hii ipo? Inadaiwa ngapi? Andika malipo haya. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka wa 2017, mifumo ya biashara ilipata njia rahisi ya kuongea na M-Pesa kwa mtindo huo. Tunachokipenda zaidi ni uhakiki. Kabla malipo ya Paybill hayajakamilika, M-Pesa inaweza kuuliza mfumo wa biashara kama inaitambua namba ya akaunti uliyoandika. Ikikataa, malipo hayapiti na pesa inabaki kwako. Na huduma hiyo hiyo ya kujibu "akaunti hii ipo?" inaweza kumtumikia karani pale kaunta au aplikesheni ya shule, bila kutengenezwa upya.

Shida ni kwamba uhakiki haujiwashi. Biashara lazima iuombe, halafu mtu aamue majibu. Aliyelipa nusu mtoto wake aingie? Ndugu wawili watumie namba moja? Hapa mabosi wengi humsukumia kijana wa IT, na haya si maswali yake hata kidogo.

Kwa sasa, ukiombwa simu, wasomee namba ya muamala na simu ibaki mkononi mwako. Meseji hata tapeli anaweza kuitunga. Waulize, kwa upole, mbona sistimu yao haijayaona malipo.