Mtandao wa pamoja nyumbani wahitaji kufuli

Katika miji midogo kama vile Kiritiri, kaunti ya Embu, intaneti si anasa tena. Mfanyabiashara wa muguka, mwanafunzi na mkulima anayetafuta huduma za serikali wote huihitaji. Kwa kuwa gharama ni mzigo, njia nafuu ni kugawana laini moja kupitia ruta, iwe ni jamaa wa nyumba moja au wapangaji wa ploti moja. Unafuu huo, hata hivyo, una hatari zake.

Ya kwanza ni ya kisheria. Kwa kawaida, vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta moja huonekana kwa nje kuwa na anwani moja. Jirani akiitumia laini hiyo kutapeli watu, huenda wachunguzi wakabisha kwanza kwa mwenye akaunti. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inatoa faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Lakini kosa hilo limefafanuliwa kuwa ni la kukiuka hatua za usalama. Basi anayeuacha mtandao wake wazi hujidhoofishia kinga aliyowekewa na sheria.

Hatari ya pili ni ruta yenyewe. Mwaka 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, zikiwemo ruta na kamera, kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri yaliyowekwa viwandani. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kuilemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hawakujua lolote. Aidha, anayeidhibiti ruta anaweza kuwaelekeza watumiaji kwenye tovuti bandia.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Neno la siri la kusimamia ruta libadilishwe siku ya kwanza, na programu yake isasishwe. Ulinzi wa mawimbi uwe wa WPA2 au WPA3; ule wa WEP udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwaka 2001. Ruta nyingi huruhusu mtandao wa wageni: wapangaji wawekwe humo, mbali na kompyuta yenye hesabu za biashara.

Isitoshe, siri ya watu kumi si siri. Mpangaji anapohama, neno la siri libadilishwe, kama vile mwenye nyumba mwangalifu abadilishavyo kitasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kwa dakika chache.