Mwachie Mwenzio Mlango

Ukikaa na vijana wa maofisini, hasa wale wa mauzo, haipiti nusu saa hujasikia jina la Sun Tzu. Huyu ni Mchina wa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, anayetajwa kuwa ndiye aliyeandika Sanaa ya Vita, kitabu chembamba chenye sura 13. Wengi wanatoka humo na somo moja tu: mponde mwenzio kabla hajakuponda. Mbaya zaidi, wanakwenda nalo mpaka nyumbani.

Kumbe mzee mwenyewe hakusema hivyo. Kwake yeye, jemadari hodari ni anayepata anachokitaka bila kupigana. Sifa za kiongozi alizitaja tano: akili, kuaminika, utu, ujasiri na nidhamu kali. Utu, humo humo jeshini! Tena anaonya usianzishe vita kwa hasira, maana utakapopoa utakuta ulichokiharibu hakipo tena. Na linalonivutia mimi kuliko yote: jeshi ulilolizingira, liachie upenyo. Mtu asiye na pa kutokea atapigana mpaka mwisho, na wewe utaumia.

Ukitaka kuyaona haya kwa majina ya kwetu, toka Dar uende Bagamoyo, kisha panda kaskazini hadi Saadani na Pangani. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika utawala wa pwani hii kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo. Jina linajieleza. Liwali alipoikataa bendera ya kampuni, Nyundo hakukaa kitako na wazee. Waliteremshwa askari wa manowari, na bendera ya Sultani ikashushwa kwa nguvu. Wiki chache baadaye mji mzima ulimgeuka, akazingirwa ndani ya nyumba, na waliokuja kumwokoa ni askari wa Sultani yule yule. Aibu iliyoje! Wala hakujifunza. Tarehe 17 Agosti 1891 aliongoza msafara wa vita kuingia Uhehe, watu wa Mkwawa wakamvizia Lugalo, akafia huko.

Vita vya pwani vilikuwa vimeshasambaa. Abushiri bin Salim alishambulia Bagamoyo, Bwana Heri bin Juma akaishika Saadani. Mwaka 1889 Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na mamia ya askari, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri. Boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa tarehe 8 Mei. Mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo.

Bwana Heri ndiye anayenifanya nifikiri. Saadani ilipigwa mizinga, akarudi nyuma, akajenga boma Mlembule, akapigana tena mpaka 1890. Aprili akasalimu amri. Unadhani naye alinyongwa? Wala. Wissmann alimruhusu arudi akaujenga upya mji wake. Siyo huruma hiyo, Pangani tumeshaona. Mimi naona ilikuwa hesabu: mji uliohamwa hautoi ushuru, na mtu mwenye wafuasi ni afadhali awe na kwake pa kukaa. Na Bwana Heri naye alijua kupita mlangoni ungali wazi, jambo ambalo kwa mwanaume mwenye jina lake siyo dogo.

Sasa njoo sebuleni kwako. Umegundua mwenzio amekopa kwa siri na pesa za ada zimekwenda huko. Ushahidi unao, meseji zote unazo. Unaweza kumwita mama mkwe, shemeji na mshenga waje wasikilize. Utashinda, hilo halina ubishi. Ila wageni wakiondoka mtabaki wawili, na aliyeumbuliwa mbele ya ndugu zake hana tena cha kulinda. Atanuna, atakana hata lililo wazi, au ataanza kufukua ya kwako ya mwaka juzi.

Jaribu kufunga mlango wa chumbani kwanza. Mwambie unachokijua, chote, kwa sauti ya kawaida. Halafu mpe mpaka Ijumaa aje na mpango wa kulipa, yeye mwenyewe. Usimtungie wewe, ukimtungia utakuwa mkopeshaji wa pili.

Kuna watakaosema huku ni kufumbia macho. Hapana. Bwana Heri alisalimu amri kwanza ndipo akarudi Saadani. Hakurudi kama vile hakuna kilichotokea. Deni lazima lilipwe, tena mbele yako. Na kama ndani ya nyumba kuna kipigo, sahau habari za upenyo wa mwenzio: huo mlango ni wa wewe kutokea, haraka.

Kwa mabosi ni hivyo hivyo. Kijana aliyekosea hesabu za mwezi mwite dakika kumi kabla ya kikao, arekebishe na aje aziwasilishe mwenyewe, badala ya kumsubiri mpaka watu wote wamekaa na projekta imewashwa.