Picha ya mlima haitoshi, andika na tarehe

Ukipita kituo cha magari cha Westlands Jumamosi alfajiri, huenda ukawakuta. Ni vijana wa vyuo na maafisa wa maofisini waliofunga kazi Ijumaa. Wamening'iniza kamera shingoni au wameshika simu mkononi, wanangoja matatu ya kuelekea Limuru, Naivasha au Nakuru. Waulize waendako. Hawaendi harusini wala matangani. Wanaenda kupiga picha za milima, mabonde na maziwa.

Wapo wazazi wanaoguna wakisikia hayo. Nauli ipotee na chakula kinunuliwe njiani kwa ajili ya kupiga picha mlima ambao hauna miguu? Si mlima upo tu, leo na kesho?

Leo safu hii ina jibu kwa mzazi huyo, na ina neno kwa kijana naye. Kwa mzazi: mlima haupo tu. Mlima hubadilika, ziwa huhama, msitu hukatwa, na mara nyingi picha ndiyo hubaki kuwa shahidi. Kwa kijana: shahidi asiyejua alikuwa wapi na siku gani hana faida mahakamani. Picha isiyo na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani tu.

Mlima uliozua ubishi

Tuanze papa hapa jijini. Mwaka wa 2020, wakati wa vikwazo vya ugonjwa wa korona, zilienea picha za majumba ya Nairobi na nyuma yake Mlima Kenya umesimama wima. Ubishi uliozuka ulikuwa si haba. Wako walioapa kwamba picha hizo zilipikwa kwa kompyuta, wengine wakafanya mzaha kwa kuweka milima ya kila aina nyuma ya nyumba zao.

Ukweli ni kwamba Mlima Kenya uko karibu kilomita 140 kutoka Nairobi. Asubuhi isiyo na ukungu wala moshi, hasa baada ya mvua kuosha anga, mtu aliye juu ya ghorofa ndefu anaweza kuuona kwa macho yake akitazama kaskazini, akielekea mashariki kidogo. Lenzi ndefu nayo huvuta vitu vilivyo mbali vikaonekana vimekaribiana, ndiyo maana mlima ukaonekana kama umehamia nyuma ya Westlands. Kamera haikudanganya. Sisi wakazi ndio tuliokuwa tumesahau kutazama.

Hata hivyo, ubishi ule ulikuwa na funzo. Picha ikiwa imeandikwa mahali mpigaji aliposimama, saa na lenzi aliyotumia, mwenye shaka anaweza kupanda ghorofa hilo hilo alfajiri akajionea mwenyewe.

Barafu inayokwisha

Sasa tupande mlima wenyewe. Septemba 1899, Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, akiwa na wenzake wawili kutoka Italia, Cesar Ollier na Joseph Brocherel. Msafara wake ulibeba kamera, na picha walizopiga zilihifadhiwa pamoja na tarehe na maelezo ya mahali.

Huenda Mackinder alitaka tu watu wa kwao waone alikofika. Lakini wanasayansi waliokuja baadaye walizitumia picha hizo kama kipimo. Walilinganisha barafu iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, na ile waliyoikuta wenyewe. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kati ya 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka wa 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba mambo yakiendelea hivyo, barafu za milima ya Afrika Mashariki zitakuwa zimetoweka kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya itatangulia kwa miaka kumi hivi.

Mzazi, hebu piga hesabu. Mtoto aliye Gredi ya Nne leo huenda akamaliza chuo kikuu bila kupata nafasi ya kuiona barafu ya mlima uliolipa taifa lake jina. Atakachobaki nacho ni picha. Swali ni kama itakuwa ya Mackinder peke yake, au ya baba na mama yake pia.

Si lazima uende mbali

Kabla hujatafuta nauli, tazama mlangoni pako. Kando ya Waiyaki Way, hapa Westlands, uko mti wa mugumo ambao umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 2020 ulikuwa ung'olewe kupisha ujenzi wa barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27. Watu walilalamika, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Barabara ilifunguliwa 2022. Mugumo uliponea chupuchupu, lakini miti mingine mingi kando ya barabara hiyo haikubahatika. Mwenye picha ya Waiyaki Way ya mwaka wa 2019 ana kitu ambacho hawezi kukipata tena hata akiwa na kamera ya bei gani.

Jirani kuna Msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, wakati sehemu zake zilipokuwa zimegawiwa wajenzi. Leo familia hulipa kiingilio zikatembea chini ya miti, zikafika kwenye maporomoko ya maji na mapango. Ni darasa zuri kwa anayeanza kushika kamera, na nauli yake si ya kumtoa mtu jasho.

Ukingoni mwa Bonde la Ufa

Ukiwa tayari kutoka nje ya jiji, safari ya kwanza iwe ya Bonde la Ufa. Panda gari linalopitia Mai Mahiu, ile barabara ya chini iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga 1942 lingali kando ya barabara. Juu ya ukingo kuna vituo vya kutazamia bonde, ambapo wachuuzi huuza ngozi za kondoo na vinyago. Ukisimama hapo unaona bonde lote limetandazwa chini yako na Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, ukiwa na shimo la volkeno kileleni.

Ukingo huo unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na linamulika Longonot waziwazi. Jioni jua linatua mbele yako, na milima hugeuka vivuli vyeusi. Chagua unachotaka kabla ya kutoka nyumbani.

Bonde hilo hilo lina kisa kingine kuhusu picha na maelezo yake. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kukata barabara ya kwenda Narok. Picha za ufa huo zilizunguka dunia nzima zikiwa na maneno kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Ni kweli bara linatanuka katika Bonde la Ufa, lakini kwa milimita chache tu kila mwaka. Wataalamu kadha wa miamba walieleza kwamba shimo kubwa namna ile lilitokana hasa na maji ya mvua kuchukua udongo mwepesi wa majivu ya volkeno. Picha ilikuwa ya kweli. Maneno yaliyowekwa chini yake ndiyo yaliyotia watu hofu.

Ukiendelea hadi Nakuru utaona badiliko jingine. Tangu miaka ya 2010, maji ya ziwa hilo yamepanda, yakafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuua miti ya migunga iliyokuwa ufuoni. Ndege heroe, ambao zamani walilifanya ziwa lote kuwa la rangi ya waridi, wengi wao walihamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Ikiwa nyumbani kwenu kuna albamu yenye picha ya safari ya shule ya kwenda Nakuru miaka ya tisini, itoe kabatini. Ilinganishe na ya leo.

Ya kuzingatia

Kwanza, wahi. Nairobi jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hupanda upesi. Mwanga laini hudumu saa moja hivi. Ukifika saa tano, milima yote itakuwa imefifia kama shati lililofuliwa mara nyingi.

Pili, jiwekee kipimo. Enzi za filamu, mtu alikuwa na picha 36 pekee, na kuziosha studioni kuligharimu pesa. Kwa hivyo alifikiri kabla ya kubonyeza. Simu ya leo hupiga mia tano bila kukuuliza, na zote zinafanana. Waambie watoto kila mmoja ana picha 36 kwa siku. Utaona watakavyoanza kutazama kwanza.

Tatu, weka kitu cha kupimia. Mtu, mti au nyumba ikiwa ndani ya picha, mtazamaji atajua mlima ni mkubwa kiasi gani. Lakini kumbuka heshima. Usimpige mtu picha kama kwamba ni sehemu ya kichaka. Sema, "Shikamoo mama, unaniruhusu nikupige picha hapa kibandani?" Akikataa, mshukuru uende zako. Akikubali na anauza mahindi, nunua hata moja.

Nne, tii sheria. Mbuga za Shirika la Wanyamapori zina ada ya kuingia, na anayepiga picha za biashara hutakiwa kuwa na kibali. Kambi za jeshi usizielekezee kamera. Ndege ndogo isiyo na rubani huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, hata kama uliinunua kwa pesa zako.

Tano, usife kwa ajili ya picha. Barabara ya ukingoni ina kona kali na malori mazito. Simama kwenye vituo vya kutazamia tu, na usirudi nyuma ukiangalia kioo cha simu. Bonde halina ukuta kila mahali.

Sita, na hili ndilo kubwa, andika. Jioni hiyo hiyo, kabla ya usingizi, andika mahali uliposimama, upande uliotazama, siku, mwezi, mwaka na saa. Simu huandika tarehe yenyewe, lakini simu huibwa, huvunjika na huuzwa. Chapisha picha mbili tatu, uandike mgongoni kwa kalamu.

Basi kila familia na ichague mahali pamoja pa kwake. Pawe Karura, Longonot, Ngong, au kilima kilicho nyuma ya shamba la nyanya kijijini. Mwende hapo kila mwaka, mwezi ule ule, msimame pale pale, mpige picha moja. Mwaka wa kwanza haitakuwa na maana kubwa. Wa tano mtaanza kuonyeshana vidole: mti ule uko wapi, mto mbona umekonda, nyumba hizi zilijengwa lini? Ufikapo mwaka wa kumi mtakuwa na ushahidi ambao hakuna mtu mwingine nchini aliye nao, na huenda siku moja mtu akauhitaji ili kuutetea msitu au mto.

Jumapili njema, na safari njema.