Maingizo Pacha Katika Daftari la Mtandao: Yasifutwe kwa Pupa

Imekuwa desturi katika ofisi na vyuo vingi kwamba daftari la mtandao husafishwa siku moja tu, pale linapokuwa limekwisha jaa. Fundi huitoa orodha ya kompyuta zote, huchagua majina yanayojirudia au yanayoonekana kutotumika, kisha huyafuta kwa amri moja. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa ya ufagio. Kwa kweli ni ya upelelezi, na anayeshika ufagio aweza kutupa kitu ambacho hakirudi.

Katika mitandao ya Windows daftari hilo huitwa Active Directory, nalo lilianza kutumika mwaka 2000. Kila kompyuta inayounganishwa huandikiwa humo ingizo lenye jina, neno la siri na namba ya utambulisho. Jina ni kwa ajili ya macho ya binadamu. Ingizo hutofautishwa na jingine kwa namba. Mwalimu aliyewahi kuwa na akina Juma Ali wawili darasani anajua kwa nini watahiniwa hupewa namba.

Maingizo pacha huzaliwa hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida mno: mashine huharibika, fundi huiwekea Windows upya na kuipa jina jipya, na ingizo la zamani husahauliwa. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Nakala za daftari hukaa katika seva kadhaa, na kila seva hupokea maandishi mapya kisha huzipasha nyingine habari. Mafundi wawili, mmoja makao makuu na mwingine tawini, wakiandika jina lilelile kabla seva hazijapashana habari, maingizo hayo hugongana. Kwa kawaida lililoandikwa baadaye hubaki na jina. Jingine huongezewa herufi CNF na namba ndefu. Wengi huichukua CNF kuwa alama ya maiti. Sivyo. Huenda mashine yenyewe iliunganishwa kwa ingizo hilo, na lile lililobaki na jina likawa ganda tupu.

Kipimo cha umri nacho hudanganya. Mashine hubadili neno lake la siri kila baada ya siku 30, isipoagizwa vinginevyo, kwa hiyo neno lililokaa muda mrefu hutiliwa shaka. Lakini anayeanzisha badiliko hilo ni mashine, si seva. Kompyuta iliyofungiwa kabatini kwa miezi minne huamka na neno lake la zamani, ikapokelewa bila taabu. Afutaye kwa kipimo cha siku 30 hufuta zilizo hai pamoja na zilizokufa.

Hatari kubwa kuliko zote haitajwi sana. Ofisi nyingi hutumia BitLocker, programu inayoifumba diski isisomeke bila ufunguo, na msimamizi aweza kuagiza ufunguo wa dharura uhifadhiwe daftarini, chini ya ingizo la kompyuta. Ingizo likifutwa, ufunguo hufuatana nalo. Mathalan, mhasibu amepewa diski mpya, na ile ya zamani, yenye hesabu za miaka mingi, imewekwa kando. Ufunguo wake uko chini ya ingizo lilelile linaloitwa takataka.

Kwa sababu hiyo ingizo lapasa kufungwa kwanza, lisifutwe. Mwenye mashine akilalamika, hufunguliwa kwa dakika moja. Na siku 90 za kungoja si nyingi. Kulitegemea pipa la taka ni kujidanganya: liliongezwa katika Windows Server 2008 R2, mwaka 2009, nalo halifanyi kazi mpaka msimamizi aliwashe. Bila hilo, ingizo lililofutwa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake papo hapo, ijapokuwa kivuli chake kwa kawaida hubaki siku 180. Ama wa kulifunga ingizo la zamani, afaaye ni fundi yuleyule anayeiwekea mashine Windows upya, siku hiyohiyo, akiwa bado anakumbuka mashine ni ya nani.