Tamaa si Moja

Katika mji mdogo wa Mackinnon Road, Kaunti ya Kwale, wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa na Nairobi husimama kuomba dua katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli. Mwenye kusimama hapo husema ana haja. Hasemi ana tamaa. Sisi wanafunzi wa fasihi, kinyume chake, huyatumia maneno haja, hamu, shauku, uchu na tamaa kana kwamba ni visawe, na kila mhusika atamaniye humhukumu kwa methali "tamaa mbele, mauti nyuma".

Hukumu hiyo ina kasoro. Kwanza, tamaa na tamani, ijapokuwa yafanana, yametokana na mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Pili, tamaa yenyewe ina sura mbili: aambiwaye asikate tamaa hahimizwi awe mlafi, bali asipoteze tumaini.

Kwa maoni yangu, mhakiki asiyepambanua maneno haya humwonea mhusika kabla ya kumsoma. Tuyapime maneno kwanza, ndipo tuwapime watu.