Usikubali kupewa sauti ambayo si yako

Binamu yangu alinikuta nikisikiliza opera kwa simu, sauti juu kabisa, akauliza, "Kwani huyo mama anapigwa?" Nilicheka, lakini nilimwelewa. Hata mimi zamani nilidhani opera ni watu wanaopiga mayowe kwa Kiitaliano mbele ya matajiri. Siku hizi nasema hivi: kama umewahi kuimba kwaya, nusu ya maneno ya opera unayajua tayari. Ile nusu nyingine inaweza kukuokolea koo.

Langu halikuokolewa. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa kwaya aliniangalia tu, mfupi, mwembamba, akasema, "Wewe soprano." Hakunisikiza hata dakika moja. Miaka miwili nikakimbizana na noti za juu kama mtu anayekimbiza matatu iliyojaa. Wiki ya mashindano, sauti ikaenda kabisa. Nilisimama jukwaani nikifungua mdomo tu kama samaki, halafu nikaambiwa sikufanya mazoezi ya kutosha. Nikaacha kuimba.

Kumbe sikuwa soprano. Mimi ni mezo-soprano, na hilo neno hakuna mtu alikuwa amewahi kunitajia.

Haya, tuanze mwanzo. Opera kwa Kiitaliano maana yake ni "kazi". Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yanaimbwa, na kwa kawaida waimbaji hawashiki maikrofoni. Ilizaliwa Italia, na mwaka wa 1637 jumba la kwanza la opera la kuuzia umma tiketi likafunguliwa Venice. Maneno ya mchezo mzima yanaitwa libreto. Resitativo ni kuimba kama unaongea, karibu na vile padri huimba sala kwenye misa. Hapo ndipo hadithi inasonga. Aria ni pale hadithi inasimama kidogo, mhusika mmoja anamwaga yaliyo moyoni. Ukishajua hayo matatu, hupotei.

Sasa sauti. Wanawake, kutoka juu kushuka: soprano, mezo-soprano, kontralto. Wanaume: kauntateno, teno, baritoni, besi. Ukitaka kusikia soprano ikipanda hadi juu kabisa, tafuta Malkia wa Usiku kwenye Die Zauberflöte ya Mozart, ya mwaka wa 1791. Humo humo kuna Sarastro, besi anayeshuka mpaka unahisi kiti kinatetemeka. Carmen wa Bizet huimbwa sana na mezo-soprano, na opera nzima inabeba jina lake. Rigoletto wa Verdi, yule baba mwenye uchungu, ni baritoni. Mtawala anayemharibia binti yake ndiye teno. Kwa hivyo tuache hii dhana ati wa juu ndiye staa na wa kati ni wa kujaza nafasi.

Hapa ndipo nina shida na kwaya zetu. Tuna mistari minne: soprano, alto, teno, besi. Ni sawa kwa kupanga wimbo, lakini alto ya kwaya ni mahali unaposimama, haikuambii una sauti gani. Mezo-soprano anasukumwa juu au chini. Baritoni, ambaye kusema kweli ndiye kijana wa kawaida kabisa, anaambiwa achague kukaza shingo na mateno au kunguruma na mabesi. Halafu tunashangaa mbona watu wanakohoa kila baada ya mazoezi.

Neno ambalo ningeandika kwenye ukuta wa kila chumba cha muziki ni tesitura. Ni lile eneo ambalo wimbo unakaa muda mwingi. Swali si noti gani ya juu unaweza kugusa mara moja ukijikaza. Swali ni wapi sauti yako inaweza kukaa nusu saa bila kuumia.

Najua mwalimu ana watoto 50, piano moja au hana kabisa, na mashindano ni mwezi ujao. Si rahisi. Lakini dakika mbili kwa kila mtoto, kupanda na kushuka ngazi ya noti, si anasa. Na arudie mwaka unaofuata, kwa sababu sauti hubadilika. Plácido Domingo mwenyewe alianza kama baritoni, akawa teno maarufu duniani, na uzeeni akarudi kuimba sehemu za baritoni. Kama yeye alisonga, kwa nini mtoto wa miaka 15 afungiwe mstari mmoja mpaka amalize shule?

Ukiimba na koo likauma, usiongeze nguvu. Uliza uhamishwe. Hujashindwa, umewekwa pasipo pako tu.

Mimi nimerudi kwaya, nasimama na alto, na sauti haijaenda tena. Binamu bado anauliza nani anapigwa, lakini juzi nilimskia bafuni akijaribu Carmen.