Mtungi wa Sarpedon na Dhambi ya Mnunuzi

Wapo wastaarabu wanaoamini kwamba kitu kikiwa kizuri, hakuna haja ya kuuliza kimetoka wapi. Nawaalika wautazame mtungi mmoja wa Kigiriki.

Mtungi huo wa kuchanganyia mvinyo na maji ulifinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios, mjini Athens, yapata mwaka 515 kabla ya Kristo. Mchoro wake unasimulia kisa cha vita vya Troya. Sarpedon, mwana wa Zeus na mfalme wa Likia, ameuawa ugenini, na damu ingali inamchuruzika. Usingizi na Mauti, ndugu wawili wenye mabawa, wanamwinua mbele ya Hermes, wamrudishe kwao akazikwe na jamaa zake. Kwa Wagiriki hao, kaburi lilikuwa haki ya marehemu, na hata mungu aliwajibika kuitimiza.

Mtungi wenyewe uliishia kaburini, miongoni mwa Waetruska wa Cerveteri, Italia. Mwaka 1971 wezi walilivunja kaburi hilo. Mwaka uliofuata, Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, liliununua kwa dola milioni 1, likiridhika na maelezo kwamba ulikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja wa Lebanon. Haukurudi Italia hadi mwaka 2008.

Watetezi wa ununuzi huo husema kwamba New York uliwafaidi watu wengi, ilhali kaburini haukumfaidi yeyote. Hoja hiyo ni batili. Mwizi hachimbi usiku kwa kupenda sanaa. Huchimba kwa kuwa yupo mwenye fedha anayemngoja. Tena, kaburi lililovunjwa halisomeki. Nani alizikwa humo? Vitu gani viliwekwa kando yake? Kwa nini jamaa zake walichagua kisa cha Kigiriki kimsindikize? Chombo kimesalia, maarifa yameteketea.

Basi tusiwalaumu wachimbaji peke yao. Msomi anayekisifu kitu bila kuuliza asili yake, na ofisa anayegonga muhuri juu ya hati asizozihakiki, nao wameishika sururu ile.

Mchoro ulikuwa wazi siku zote: maiti hurudishwa kwao, haporwi. Walioulipia dola milioni 1 waliutazama kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kuutii.